Msimulizi akijipinga, tulaumu ubongo wake?

SWALI: Mhariri, salaam. Tasnifu yangu inahusu kumbukumbu katika The Remains of the Day ya Kazuo Ishiguro (1989). Stevens, msimulizi na mtumishi mkuu wa nyumba ya bwana mmoja Mwingereza, analiweka tukio moja kwenye siku mbili tofauti. Je, naweza kuandika kwamba hipokampasi yake, sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ina hitilafu?

JIBU: Usiandike hivyo. Ubongo wa mhusika haupimiki. Tena hipokampasi ikiharibika vibaya, dalili ni nyingine kabisa: Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili kwa upasuaji mwaka 1953, hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Stevens anakumbuka hadi vyombo vya fedha vilivyong'arishwa.

Tazama badala yake kumbukumbu inavyoweza kujengwa upya inapoamshwa. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake waliwafundisha panya kuogopa mlio. Panya waliosikilizishwa tena mlio ule, kisha wakadungwa kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini zinazohitajika kuhifadhi kumbukumbu, hofu iliwapungua sana. Waliodungwa bila kukumbushwa waliendelea kuogopa.

Sasa fungua kitabu. Stevens amesimama kwenye korido, nje ya mlango, akiwa na hakika kwamba Miss Kenton, msimamizi wa kike wa nyumba hiyo, analia ndani. Mwanzoni anasema ni baada ya msiba wa shangazi yake Miss Kenton. Kurasa nyingi baadaye anajisahihisha: ni usiku ambao mwanamke huyo alikuwa amekubali kuolewa na mwingine. Mlango ni uleule, kilio kilekile. Siku ndiyo imehama. Kosa hilo ni la kawaida mno kwa watu wazima wenye afya. Ila angalia lilikohamia: kwenye msiba Stevens hana lawama, kwenye posa anayo. Hapo panya hawakusaidii tena, na uzito wa tasnifu yako uko hapohapo.

Chora jedwali la safu nne: ukurasa, kilichomkumbusha, anachosimulia, kilichobadilika. Safu ya mwisho ijaze usomapo mara ya pili, maana mara ya kwanza mabadiliko hayaonekani.

SWALI: Kwa nini udi una nguvu hivyo katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah (2001)?

JIBU: Taarifa za harufu hufika amigdala bila kupitia kwanza thalamasi, kituo cha ubongo kinachopokea na kusambaza taarifa za milango ya fahamu, tofauti na za macho na masikio. Ndiyo maana harufu huja na hisia kali. Lakini ukali wa hisia si ushahidi wa usahihi, kwa hiyo kila anachosema msimulizi Saleh Omar kuhusu nyumba iliyozigombanisha familia zao kilinganishe na maelezo ya Latif Mahmud, msimulizi wa pili, kabla hujakiamini.