Hisabati au sayansi ya data: nithibitishe ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza kidato cha sita, PCM, na nimechaguliwa vyuo viwili: kimoja shahada ya hisabati na takwimu, kingine sayansi ya data. Mjomba anasema ukisoma hisabati utaishia kushika chaki. Nataka kuchambua data benki au kampuni ya simu. Nithibitishe ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Jina la shahada lisikubabaishe. Omba orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, utafute aljebra ya matriki, kalkulasi, uwezekano, takwimu na uandishi wa programu. Shahada inayopitia uwezekano juu juu, halafu ikajaza mihula kwa kufundisha programu hii na ile, mimi singeichukua. Python na R, lugha za kuandikia programu, ni za bure, utajifunza hata mwenyewe. Uwezekano unataka mwalimu.

Tuchukue kazi hiyohiyo unayoitaka. Watu 1,000 wameomba mkopo wa simu wa shilingi 50,000. Anayelipa anaiachia kampuni faida ya 5,000. Asiyelipa anaondoka na hela yote. Tuseme 40 hawatalipa. Mtu anakuletea modeli, yaani programu ya kubashiri nani atalipa, inayopatia kwa asilimia 96. Ukiichungulia, kumbe inajibu "atalipa" kwa kila mtu! Haijanasa hata mmoja. Faida milioni 4.8, hasara milioni 2, zinabaki milioni 2.8.

Modeli ya pili inanasa 30 kati ya wale 40, ila inawanyima mkopo watu 60 ambao wangelipa. Imekosea mara 70, kwa hiyo imepatia asilimia 93 tu. Sasa piga hesabu: 900 wanalipa, faida milioni 4.5, 10 wanakimbia, hasara laki 5. Zinabaki milioni 4. Yenye alama ndogo imeingiza milioni 1.2 zaidi. Modeli zote mbili unaweza kuziandika kwa mistari michache ya Python. Kujua uamini ipi, na mpaka wa kumkatalia mtu uuweke wapi, ndiyo hisabati tumizi. (Na wale 60 walionyimwa bila kosa, bosi asipouliza habari zao, uliza wewe.)

Kitu kingine: muda mwingi utakuwa unasafisha data. Faili limepita kwenye Excel, sifuri ya mbele ya namba ya simu imeliwa, 0712 imekuwa 712, na kwenye jedwali jingine mteja huyohuyo kaandikwa kwa +255. Unaunganisha majedwali, hakuna anayelingana na mwenzake. Anza SQL, lugha ya kuchota na kuunganisha majedwali ya data, mapema, kabla hata ya akili mnemba.

Orodha zikikaribiana, ningethibitisha hisabati na takwimu: bima, takwimu za serikali na hiyo chaki ya mjomba vyote vinabaki wazi. Uzamili nao upo, kwa mfano AIMS, taasisi ya hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, ina kituo Kigali.

Wakati wa kuomba kazi, usisubiri tangazo liseme "mwanasayansi wa data". Soma na ya mchambuzi wa mikopo, ofisa ufuatiliaji na tathmini, mchambuzi wa mapato. Uende na kazi uliyoifanya: majedwali ya Sensa ya 2022 yapo wazi hadi ngazi ya kata, anza na ya Morogoro.