Chipsi za eafraya zinatoka laini? Hujaibiwa, umejaza kikapu

Mkuu, umeuliza kama umeibiwa: umenunua eafraya (air fryer, yaani kikaangio cha upepo) ya lita 4, chipsi zinatoka laini kama zimechemshwa, kuku anatoka mkavu, na shemeji anakucheka kwamba umenunua redio. Hujaibiwa. Mimi ya kwangu nilishaanza kuitafutia mteja mwezi wa kwanza tu. Leo ina mwaka wa tatu, na jiko la gesi ndilo linalopumzika.

Kilichonichelewesha ni jina. Ukisikia mashine ya kukaangia, kichwani linakuja karai. Humo ndani hakuna karai. Juu kuna koili inayowaka, hapo hapo kuna feni, chini kuna kikapu chenye matundu. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali, basi. Philips walipoiingiza sokoni mwaka 2010 waliipa jina la biashara linalovutia, na kila kiwanda kikafuata. Mafuta ya kwenye karai yanakishika kiazi pande zote hata ukitumbukiza rundo. Upepo hauwezi hivyo, lazima upate pa kupita. Tena kitu kikiwa na maji juu yake, joto lote linaishia kuyakausha hayo maji. Ule ukahawia na ukavu tunaoutafuta unaanza vizuri ngozi ya chakula ikifika kama nyuzi 140, na maji yanachemka nyuzi 100. Kwa hiyo maadui zako ni wawili, msongamano na unyevu.

Siku ya kwanza nilikuwa na wageni wanne, nikapakia viazi kilo nzima kwa sababu kikapu kilikuwa kinapokea. Baada ya dakika 40 nikavuta droo: za juu zimeungua ncha, za katikati zimeshikana kama ugali wa jana, na kuta za kikapu zinatoka jasho. Wageni wakaishia kula wali maharage, na walikuwa wapole sana.

Kwa lita 4, nusu kilo ya viazi vilivyomenywa ndiyo mwisho. Kata unene wa kidole kidogo, vyote vilingane. Loweka nusu saa, mwaga maji, suuza tena mpaka maji yaache kuwa meupe, maana ule wanga ndio unaogandisha vipande. Halafu vikaushe kwa taulo safi la jikoni, na nikisema vikaushe namaanisha hivyo. Kuchuja kwenye chujio peke yake hakutoshi. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, pakaza kwa mkono kwenye bakuli. Chumvi iache mpaka mwisho, inavuta maji nje. Mimi naanza nyuzi 160 kwa dakika 12 ili viive ndani, natikisa, kisha napandisha 200 kwa dakika 8 hadi 10 huku natikisa mara moja tena. Ukitikisa, tega sikio. Zikiwa tayari zinagonga kikapu kwa mlio mkavu, kama karanga kwenye ungo. Zikidondoka kimya, rudisha.

Na viazi usiviweke kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, utapata chipsi nyeusi zenye utamu wa ajabu, halafu utailaumu mashine.

Lakini tusidanganyane: hazitakuwa zile za kibandani. Zile zimeogelea kwenye mafuta. Hizi ni kitu kingine, kizuri kwa namna yake.

Kuku wako kukauka, nadhani ni kwa sababu unafuata dakika za kile kitabu cha kwenye boksi. Kile kiliandikiwa mapande makubwa. Kuku wetu wa kisasa ni mdogo. Paja lake kwa nyuzi 180 linaiva dakika 20 hadi 25, kidari mapema zaidi, kwa hiyo usiviweke pamoja ukavitoa pamoja. Nunua kipimajoto cha nyama ukikiona: ndani kabisa, karibu na mfupa, ikifika nyuzi 74 toa. Viungo (kitunguu saumu, tangawizi, ndimu) paka tangu usiku, ila kabla ya kupika pangusa ule ute wa juu, ndio unaozuia ngozi kukauka. Akitoa moshi mweupe usikimbie. Ni mafuta yake yanadondoka chini na kuungua. Weka vijiko viwili vitatu vya maji kwenye droo, chini ya kikapu. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Ukimtia mbichi utatafuna kandambili. Mchemshe kwanza mpaka alainike, mchuje, mpanguse, kisha dakika 10 kwa nyuzi 200. Supu unabaki nayo, hasara iko wapi?

Mahali niliposhindwa kabisa kuiacha mashine hii ni kwenye samaki. Kibua ana mafuta yake mwenyewe, hahitaji hata tone. Mchane mbavuni mistari mitatu, paka chumvi, ndimu na pilipili manga, mwache dakika 20, mkaushe, kisha nyuzi 200 kwa dakika 15 hivi, umgeuze mara moja. Ngozi inatoka inavunjika kwa jino, na nyumba hainuki mafuta ya samaki siku mbili. Samaki aina ya changu ni mkavu zaidi, huyo mpake mafuta kidogo.

Sambusa zinakubali, mradi uzipake mafuta kwa brashi pande zote mbili, la sivyo manda inakuwa kama karatasi. Chapati kiporo, dakika 2 tu. Bajia na viazi karai sahau: rojo la unga linapenya kwenye matundu kabla halijashika. Maandazi yanaiva, lakini yanatoka mikate midogo. Watoto wangu walikula wakauliza maandazi yako wapi.

Makosa mengine niliyoyalipia: niliwasha mashine ipate moto huku nimetandika karatasi ya kuokea tupu ndani. Feni ikaipeperusha ikabandika kwenye koili, nikanusa moto. Karatasi iwekwe ikiwa na chakula juu yake. Kikapu nilikisugua kwa chuma cha kusugulia sufuria, rangi ikatoka. Sasa nalowesha maji ya moto na sabuni, nafuta kwa sponji.

Kingine usichokisema ni umeme. Kama kwenu jioni taa zinafifia, hapo ndipo chipsi zinapoharibika. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili inapoteza karibu robo ya joto lake wakati saa inahesabu dakika zile zile. Mimi siku hizo naongeza dakika 5 au napika mapema. Na chomeka ukutani moja kwa moja. Mashine ya wati 1500 inavuta kama ampea 6.5, ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu italainika. Na ukihofia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuisha haraka, hesabu ni rahisi: dakika 25 ikiwaka bila kukata ni kama uniti 0.6, na kama uniti unainunua shilingi 356, ni kama shilingi 220. Si mashine hii inayomaliza umeme wako, angalia pasi na hita ya maji.

Leo anza na nusu ya viazi ulivyozoea kuweka, kisha uje useme vimelia vipi kwenye kikapu.