Betri ya taa za dagaa haifii ziwani, inafia mwaloni

Nyie vijana mlioanza kwenye boti za dagaa giza hili (zile siku zisizo na mwezi tunazovua kwa taa) hapa Kigoma, hasa mliokabidhiwa taa na betri, naomba mnisikilize kidogo. Hii kazi nimeifanya miaka tisa nikitokea mwalo wa Katonga, pale boti zinapotia nanga, na sasa hivi nina kibanda cha kuchaji, na karibu kila wiki naletewa betri ambayo haina hata mwaka na imeshakufa, na mwenyewe anaapa kabisa kwamba aliuziwa feki. Mara nyingine kweli kauziwa feki. Ila mara nyingi nikimuuliza maswali mawili matatu najua imeuawa na nani.

Mnajua wenyewe inavyokuwa. Taa zimewashwa tangu saa moja, dagaa wameanza kujaa saa sita, mnasubiri wakusanyike vizuri ndo mvute, alafu saa nane taa zinaanza kufifia moja moja na dagaa wanatawanyika mnawaona hivi hivi. Mafuta ya mashine mmeshachoma, watu wote mmekesha, mnarudi na ndoo mbili. Enzi za karabai ukiishiwa mafuta ya taa unajaza, unapampu, kazi inaendelea, lakini betri huijazi katikati ya ziwa. Sasa ninachotaka mkielewe ni kwamba ile betri haikufa saa nane ile, ilikufa siku nyingi nyuma, nchi kavu, kwenye stoo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipoteza betri mbili za N70, zile za ampia 70, kwa mbalamwezi moja tu, yaani mapumziko ya siku za mwezi mkali. Giza zima nilikuwa nazichaji nusu nusu, asubuhi ya mwisho tumerudi zimeisha kabisa, nimechoka, nikazirundika stoo nikaenda zangu Kasulu kusalimia, nikakaa siku tisa. Niliporudi nikazichaji siku nzima, mita ikasoma vizuri tu, nikafurahi. Tulipoingia ziwani ziliwasha masaa manne basi. Tajiri, yaani mwenye boti, alinikata kwenye mgao wangu mpaka deni likaisha na sikuwa na la kusema.

Kilichotokea ni hivi. Ndani ya betri kuna sahani za risasi zimelala kwenye asidi. Ukitumia umeme, asidi inaacha chumvi fulani juu ya zile sahani, ukichaji ile chumvi inarudi kwenye maji. Ni kama ukoko wa ugali, ukiloweka sufuria palepale unatoka wenyewe, ukiuacha siku tatu juani utakwangua mpaka uchoke. Betri iliyoisha ikikaa bila chaji ile chumvi inakuwa ngumu na haitoki tena, na kila sehemu iliyogandiwa ndo umeme uliopotea moja kwa moja.

Kwa hiyo mkifika mwaloni asubuhi betri kwanza. Kabla ya chai, kabla ya kulala, kabla ya kugombania mgao. Najua mwili umechoka na nimepitia, lakini nusu saa ya kubeba betri hadi kwenye sola au kwa fundi ndo inayoamua kama itakaa miezi sita au miaka mitatu.

Jambo la pili, jueni mnatumia kiasi gani, hesabu yenyewe ndogo tu. Taa nane za wati 5 ni wati 40. Zikiwaka masaa kumi ni 400, gawanya kwa volti 12 unapata kama 33, hizo ndo ampia za saa mlizokula usiku mmoja. N70 ina kama 70 ikiwa mpya. Maana yake mmetumia nusu, na nusu ndo mwisho wa betri ya kawaida, ukishuka chini ya hapo kila siku unaifupishia maisha. Sasa tajiri akiongeza taa nne bila kuongeza betri mwambieni kwa heshima, mzee hii itafika lakini haitadumu, na mfanyieni hiyo hesabu mbele yake aone. Na kama anauwezo, mwambieni anunue zile za sola, dipu saiko, maana betri ya gari imetengenezwa kwa sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kuwasha injini, haikutengenezwa kukesha.

Nunueni mita, hata ile ya bei ndogo kabisa. Betri ikishapumzika masaa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, ikisoma 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 mmeshaiumiza. Angalizo, msipime ikitoka tu kwenye chaja. Pale itawadanganya, itasoma 13 mkadhani imejaa kumbe ni umeme wa juu juu tu. Hapo ndo wengi wanapoingizwa mjini na chaji ya masaa mawili. Betri ya 70 inataka kama ampia 7, na kama mmetumia nusu basi hesabuni masaa sita hadi manane, hakuna njia ya mkato, ukiisukuma kwa ampia 30 inachemka, maji yanaisha na sahani zinapinda. Mimi mteja akiniambia ana haraka namwambia bora aende na betri mbili za kubadilishana.

Sola ni nzuri sana kwetu kwa sababu jua lipo, ila paneli ya wati 100 peke yake hairudishi hizo 33 siku nzima, wekeni 150 angalau, na masika hata hiyo itapungukiwa. Unganisheni betri kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya sola, kwanza ndo mfate na paneli, wakati wa kufungua anzeni na paneli. Na jamani msianike nyavu karibu na paneli! Kivuli cha kona moja tu kinaua sehemu kubwa ya umeme, nimeona mtu analalamika mwezi mzima paneli mbovu kumbe ni kamba ya nguo inapita juu yake.

Kwa betri za maji, angalieni maji kila wiki mbili. Ongezeni maji ya betri yale yaliyochujwa yanayouzwa dukani, sio asidi na sio maji ya ziwa hata kama ni masafi unaona mpaka chini, yana madini na yanaharibu sahani. Zile chumvi nyeupe na kijani kwenye vichwa vya betri safisheni kwa magadi na maji ya moto, mfuniko umefungwa, futeni mkaushe, kazeni alafu pakeni grisi. Waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu na betri, boti ya mbao yenye petroli ndani haitaki cheche. Betri ikae kwenye boksi na ifungwe, isiogelee kwenye maji ya chini ya boti. Kuhusu maneno ya watu kwamba sakafu ya simenti inanyonya chaji, betri hizi za boksi la plastiki hazinyonywi, wekeni tu popote pakavu.

Lithiamu nazo zimeanza kuingia, nyepesi, unaweza kutumia mpaka asilimia 80 na haziumii zikikaa nusu. Bei ndo ngumu kidogo. Ila chaja na kontrola lazima ziwe za lithiamu, na zile zinazoungwa ungwa kutoka kwenye betri za laptopu kuukuu msizilalie karibu.

Na hapo kwenye kulala niseme kitu ambacho kinaniuma. Wengi mnachajia betri chumbani kwa sababu ya wezi. Nawaelewa. Lakini betri ya maji ikichaji inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja ya sigara au ya waya, kwa hiyo chajini kwenye uwazi, mfunge mnyororo, mkae zamu. Asidi ikiruka machoni ni maji mengi palepale, dakika 15 na zaidi, alafu hospitali. Na betri ikifa kabisa usiivunje ukayeyusha risasi za nyavu jikoni au uani, ule moshi na vumbi lake ni sumu inayoingia kwenye ubongo wa watoto wadogo, na haionekani mpaka mtoto ameshaathirika. Iuzeni nzima kwa wanunuzi wa chakavu, hela ipo.

Turudi kwenye mbalamwezi, maana ndo inakaribia. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, betri nyingi zilizoletwa kwangu baada ya kufunguliwa hazikushika chaji tena. Zilizopona ni za wale waliozijaza kwanza, wakatoa waya zote pamoja na kontrola, wakaziweka kivulini, na kila mwezi wakazirudisha kwenye chaja siku moja. Kwa mapumziko ya wiki moja ni hivyo hivyo, asubuhi ya mwisho ya giza usipande basi kabla mita haijasoma 12.6, na kama lazima uondoke mwachie mtu unayemwamini na umwachie na hela ya chaji mkononi.