Mwanangu Zawadi, kuhusu kimeo cha kaka yako

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako nimeupata, na ile video ya mume wangu mdogo, mjukuu wangu, akiwa usingizini nimeitazama mpaka bando likaisha. Umeniuliza jambo moja tu: umwambie mama mkwe wako kile daktari anachokishuku, au unyamaze hadi majibu yatoke? Nitakujibu. Ila kwanza nikuambie nilichokiona kwenye video.

Nilimhesabu. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni moja. Video yako ni ya sekunde 30. Nikapata 29, nikarudia nikapata 31. Zidisha mara mbili. Mtoto wa mwaka na miezi tisa akifika 40 kwa dakika ameshavuka mstari, na huyu alikuwa amelala, hana homa. Na lile bonde linalojichimba chini ya mbavu kila anapovuta, umeliona? Usiniambie "Mama, daktari anajua." Najua anajua. Wewe je, umeandika? Daftari, Zawadi. Tarehe, saa, pumzi ngapi, oksijeni ngapi kwenye kile kidude cha kidoleni, amelala au yuko macho, amekula au amekataa. Nimefundisha hesabu darasa la nne miaka 31 na sijaona mtu akishinda ubishi kwa kumbukumbu.

Si umeona mwenyewe? Nimonia mara tatu, kila mara sindano, kila mara "amepona, mpelekeni nyumbani." Kisha miezi miwili ya vile vidonge vya TB vya kuyeyusha kwenye maji, na hiyo TB hakuna aliyeiona. Siwalaumu. Mtoto mdogo hajui kutema makohozi wayapime, na kwetu huku ukingoja uhakika wa TB unaweza kumzika mtoto ukiwa bado unangoja. Basi nawalaumu kidogo. Lakini ungekuwa na daftari, yule wa mara ya pili angeona kuwa hata siku alizoitwa mzima mtoto hakushuka chini ya pumzi 50 kwa dakika.

Sasa huyu daktari wa mapafu angalau anasema anachofikiri. Picha ya CT ina sehemu zenye ukungu, kama kioo ulichokipulizia pumzi. Anashuku zile seli ambazo mtoto huzaliwa nazo nyingi kwenye njia ndogo za hewa, kisha hupungua, na kwake hazikupungua. Kama ndizo, hazina dawa ya kuziondoa: oksijeni, chakula cha kutosha, na kungoja akue, maana wengi hupata nafuu wakikua. Kama sizo, huenda ni mambo ya vinasaba, na damu imepelekwa nje, mnangoja. Kwa hiyo mtoto anaumwa, ila ugonjwa hauna jina, na mama mkwe wako ameshapiga simu mara mbili kutoka Kilosa anasema ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni.

Hilo neno nimelisoma nikaweka simu chini, nikaenda kufua nguo zisizo chafu.

Kisa cha kaka yako Salehe mnakijua. Kila Idi akianza kuongea ile sauti inapita puani, marehemu baba yenu alikuwa anaiita redio isiyoshika stesheni, mnacheka, naye anacheka. Na mnajua kwamba mwaka 1991 bibi yenu wa Handeni alimpeleka akakatwe kimeo, mimi nikiwa shuleni nasimamia mitihani ya darasa la saba.

Alikuwa na miaka miwili na nusu. Alianza kukohoa masika, Septemba bado anakohoa. Zahanati walimchoma PPF, zile sindano za penisilini, mpaka makalio yakawa magumu kama embe bichi. Usiku kifua kinalia kama mlango usiotiwa mafuta. Nikiuliza ni nini, naambiwa "kifua." Kifua! Kifua ni kiungo, si ugonjwa.

Mavyaa wangu, huyo bibi yenu, akaja na jina. Alimpanua mdomo, akamulika tochi, akasema kimeo kimerefuka, kinamgusa koo, ndiyo maana hatulii. Mwanangu, ile raha ya kupewa jina! Miezi sita wenye makoti meupe hawakuniambia kitu, na mwanamke asiyejua kusoma kaniambia kwa dakika moja, tena kitu cha kuonekana kwa macho. Nilichungulia, nikakiona kinaning'inia. Kila mtu anacho, lakini nani aliwahi kumulika koo la mtoto mzima akalinganisha?

Mitihani iliisha Alhamisi. Fundi alikuja Jumamosi, siku ya gulio.

Nilimpakata mimi, Zawadi. Bibi yenu alishika miguu. Kichwa nilikishika mimi, nikamwambia afungue mdomo mama ampe peremende. Kijisu kilikuwa kimepinda kama ndoano. Kilichodondoka hakikuzidi punje ya hindi. Alitema damu hadi magharibi, siku ya tatu akawa hamezi hata mate. Tulilazwa siku 11, na daktari hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Kikohozi kikabaki palepale. Ilikuwa 1993 ndipo mtu akamwekea sikio vizuri akasema ni pumu.

Nilipoanza kusimulia kwamba alimpeleka peke yake, bibi yenu alikuwepo barazani anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Hakunisahihisha siku ile wala siku nyingine, mpaka tukamzika.

Sasa turudi kwako. Ukimwambia mama mkwe "daktari anashuku," atasikia "daktari hajui," na asiyejua huwekwa kando. Usipomwambia, lile pengo atalijaza mwenyewe, na ameshaanza. Kwa hiyo mwambie. Lakini tena, ukimwambia habari za seli, kesho ukoo mzima una jina la nusu, na majibu yakija tofauti utaonekana mwongo. Basi usimwambie. Unaona? Na huyo wako si kama wangu. Yeye ndiye aliyelala wodini na mtoto siku nne ukiwa unaumwa wewe. Ingawa wangu naye alimpenda Salehe, nisimsingizie tena. Tochi ile alinunua betri kwa ajili yake.

Huwa najiuliza ningemwambia nini. Najijibu: sikuwa na cha kusema. Si kweli. Nilikuwa na maneno matatu: "Sijui, na hakatwi." Sikuyasema kwa sababu nilitaka kiwe kimeo. Nilikuwa nimechoka kungoja, nilitaka kitu kitolewe mtoto alale.

Sikuamulii. Nilijiapiza siku ya harusi yako kwamba sitatia mguu katika mambo ya nyumba ya mtu. Ila kama mtoto huyo atapelekwa Kilosa hata kwa wikiendi moja kabla majibu hayajatoka... basi, nimenyamaza. Baba yake naye anasemaje? Hukuniandikia anasemaje.

Salehe hajui habari ya kupakatwa. Anakuja Jumapili, nitamwambia mwenyewe, usinitangulie.

Barua hii nimeiweka kwenye mfuko wa machungwa niliompa kondakta wa basi la asubuhi. Chini ya machungwa kuna daftari la bluu. Kurasa za mwanzo ni za kaka yako, nilianza kuandika usiku wa kwanza wodini, yaani nilishachelewa. Usizichane, anzia zilipoishia. Na leo akishalala mhesabu dakika nzima, si nusu kama mimi.

Mama yako