Wasomaji Wauliza: Ireland Ikiungana, Itapandisha Bendera Gani?

Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Nkokonjeru, ambako amezikwa Mama Kevina, mtawa Mwayalandi aliyefika Nsambya mwaka 1903. Wanafunzi wangu waliposikia kwamba kisiwa alikozaliwa bado kimegawanyika, na kwamba huenda siku moja wakaazi wake wakapiga kura ya kuungana, waliniuliza nchi hiyo itatumia bendera gani. Niliwajibu kwamba bendera ya sasa ya Dublin, yenye kijani, nyeupe na rangi ya chungwa, tayari inazungumzia amani kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, basi hapana haja ya kutafuta nyingine. Baadaye nikasoma kwamba wako wanaotaka ibadilishwe. Je, niliwapotosha?
Mwalimu, Nkokonjeru

Mwalimu, hukuwapotosha. Uliwaeleza maana ya rangi hizo kama ilivyokusudiwa na mtu aliyezileta. Kilichobaki ni kuwaeleza yaliyoipata bendera hiyo baadaye.

Thomas Francis Meagher aliipandisha kwa mara ya kwanza mjini Waterford mwezi Machi 1848, akiwa amevutiwa na mapinduzi yaliyotokea Ufaransa mwaka huohuo. Kijani kiliwawakilisha wale walioitaka Ireland iwe huru, wengi wao Wakatoliki. Rangi ya chungwa iliwawakilisha Waprotestanti wanaomuenzi mfalme William wa Orange, aliyeshinda vita vya mto Boyne mwaka 1690. Nyeupe iliyo katikati ilikuwa amani ya kudumu baina yao. Ni nadra sana kuona bendera iliyomtengea mpinzani theluthi nzima ya kitambaa, na ninaamini Meagher alikuwa na nia safi.

Tatizo ni kwamba watu hawaisomi bendera kama wanavyosoma kamusi. Huikumbuka kwa mahali walipoiona. Wakati wa uasi wa Pasaka wa 1916 ilipepea juu ya jengo la Posta Kuu ya Dublin, na tangu hapo ikawa bendera ya waliopigana na Waingereza. Kisiwa kilipogawanywa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini-mashariki zikabaki chini ya Uingereza, na huko sheria ya 1954 iliwapa polisi uwezo wa kuiondoa popote walipoona italeta fujo. Mwaka 1964, bendera moja tu iliyowekwa dirishani katika ofisi ya uchaguzi, mtaa wa Divis mjini Belfast, ilizusha ghasia kubwa. Kisha yakaja machafuko ya miaka 30 ambayo yaliwaua watu zaidi ya 3,500, na wapiganaji wa IRA, kundi la siri lililopigania kuiunganisha Ireland, wakawa wanazikwa majeneza yao yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa hichohicho. Mtu aliyempoteza kaka yake kwa bomu, kisha akaiona bendera hiyo juu ya jeneza la aliyelitega, huwezi kumwambia autazame mstari wa chungwa na kushukuru kwamba amekumbukwa.

Kila mwaka, usiku wa tarehe 11 Julai, katika mitaa mingi ya Waprotestanti wa Kaskazini huwashwa mioto mikubwa ya mbao zilizopangwa juu kama mnara, na mara nyingi bendera ya rangi tatu huwekwa kileleni ili iungue. Waambie wanafunzi wako walitazame jambo hilo kwa makini: mstari wa chungwa, ambao ni Waprotestanti wenyewe, unateketea pamoja na ule wa kijani, na wanaoutia moto hawaoni kwamba kuna chochote chao kinachoungua. Miaka zaidi ya 170 imepita tangu siku ile ya Waterford na ujumbe wa Meagher bado haujawafikia aliowakusudia, kwa sababu bendera ilitengenezwa kwa ajili yao na wala hawakuwapo wakati wa kuitengeneza.

Upande wa pili nao una machungu yake. Bendera ya Uingereza, ambayo kwa Waprotestanti wengi ni ya nyumbani, kwa Wakatoliki wengi wa Belfast ni ya askari waliovunja mlango wao usiku. Mwezi Desemba 2012 Halmashauri ya Jiji la Belfast iliamua kwamba isipepee tena kila siku juu ya jengo lake, bali katika siku maalumu tu, na uamuzi huo uliwatoa watu barabarani kwa majuma mengi.

Sisi hapa Uganda tunalijua jambo hili kwa kiasi chetu. Mwezi Machi 1962, tulipopata serikali ya ndani chini ya chama cha DP, ilipandishwa bendera yenye kijani, buluu na manjano, na korongo katikati. Mwezi uliofuata UPC ikashinda uchaguzi, na kwa kuwa wengi waliiona bendera ile kuwa ya DP, haikufika siku ya uhuru. Tarehe 9 Oktoba ikapanda hii tunayoijua, ya nyeusi, manjano na nyekundu. Hata hivyo korongo alibaki! Rangi zilikuwa na mwenyewe, lakini ndege yule hakuwa wa chama wala wa ufalme wowote, na kwa hiyo akavuka kutoka kitambaa kimoja hadi kingine bila kugombewa.

Swali la kuwauliza Waayalandi, basi, ni hili: korongo wao ni nani? Mimi naona ni kinubi. Kipo kwenye nembo na sarafu za Jamhuri ya Ireland, yaani sehemu huru ya kusini, kipo pia katika nembo ya mfalme wa Uingereza, na wanamapinduzi wa 1798, ambao Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa bega kwa bega ndani yao, walikiweka kwenye bendera yao ya kijani. Jambo linalonipa matumaini zaidi ni dogo na wengi hawalitaji. Jeshi la polisi la Ireland Kaskazini lilipoundwa upya mwaka 2001, bodi yake, yenye wajumbe wa vyama vya pande zote mbili ijapokuwa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland iungane, walikuwa hawajajiunga nayo bado, ilipaswa kukubaliana kuhusu beji mpya. Walikubaliana. Beji hiyo ina kinubi, taji, jani la klova, mizani, mwenge na tawi la mzeituni kuizunguka nyota moja. Si kazi ya sanaa ya kupendeza sana, na bendera iliyojazwa vitu 6 haiwezi kusomeka ikiwa juu ya mlingoti, lakini watu walioshindwa kukubaliana karibu kwa kila kitu walikaa meza moja wakaichagua, na leo polisi Mkatoliki na polisi Mprotestanti wanaivaa kwenye kofia zao.

Kwa hiyo Mwalimu, ukirudi darasani waeleze kwamba bendera ya sasa inaweza hata kubaki, kama Waprotestanti wa Kaskazini wataulizwa na kuikubali. Kilicho kibaya ni kuwapa iliyokwisha kushonwa na kuwaambia kuwa wamo ndani yake.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimesikia kwamba Afrika Kusini waliunganisha nyimbo mbili kuwa moja. Je, Ireland haiwezi kufanya vivyo hivyo, ili kila upande uimbe wake?
Mpenda muziki, Bombo

Ndugu yangu wa Bombo, swali lako naliona zito kuliko la bendera, ingawa magazeti huanza na bendera kila mara. Bendera unaweza kupita chini yake umeangalia pembeni. Wimbo wa taifa unakutaka usimame na utoe maneno kinywani mwako mwenyewe, na ukinyamaza, aliye karibu nawe anakuona.

Wimbo wa sasa wa Jamhuri ni wimbo wa askari, na jina lake linasema hivyo. Maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza na Peadar Kearney, ukachapishwa mwaka 1912, Liam Ó Rinn akayatia katika Kiayalandi, na serikali ikauchukua mwaka 1926. Kiitikio, ambacho ndicho huimbwa rasmi, kina askari walioapa, mizinga na milio ya bunduki. Na katika beti ambazo haziimbwi rasmi, Msaksoni, yaani Mwingereza, anatajwa kuwa ni adui. Sitaki kuudharau, kwa sababu watu walikufa wakiuimba. Lakini mtu wa Antrim anayejiona Mwingereza, ambaye mababu zake ndio Wasaksoni wanaotajwa humo, tutamwambia aimbe ubeti gani?

Kuunganisha kulikofanywa Afrika Kusini mwaka 1997 kuliwezekana kwa sababu maalumu. Nkosi Sikelel' iAfrika ni sala, na Die Stem, wimbo wa taifa wa enzi za utawala wa Wazungu, ulipoondolewa sehemu zake nyingi, ulibaki wimbo wa kusifu milima na mbingu. Vipande hivyo vinaimbika mfululizo, kwa lugha 5, bila kimoja kumtukana mwimbaji wa kingine. Jaribu sasa kuunganisha wimbo wa askari walioasi dhidi ya mfalme na wimbo wa kumwombea mfalme. Wewe ni mwalimu wa kwaya na unajua kwamba hapo hakuna ufunguo wa muziki utakaokuokoa.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa, nayo ilitokea katika michezo. Timu ya raga ya Ireland ni ya kisiwa kizima, Kaskazini na Kusini, na kwa miaka mingi wachezaji wa Ulster, mkoa wa kaskazini, walisimama kimya wimbo wa Dublin ulipopigwa. Mwaka 1995, kabla ya Kombe la Dunia, chama cha raga kilimwomba Phil Coulter atunge wimbo ambao wote wangeweza kuuimba, naye akatunga Ireland's Call. Unataja mikoa minne ya kale ya kisiwa na kuwaita watu wasimame pamoja, basi. Hauna mfalme, wala bunduki, wala adui. Wako wanaosema maneno yake ni mepesi mno. Mimi nawauliza waniambie ni wimbo gani mwingine ambao Mkatoliki wa Cork na Mprotestanti wa Belfast wanauimba wakiwa wameshikana mabega. Timu ikicheza Dublin nyimbo zote mbili hupigwa. Ikicheza ugenini hupigwa huo wa Coulter peke yake.

Uzoefu wetu unaniambia kwamba wimbo mpya hauhitaji kumfukuza wa zamani. Katika shule zetu, paredi ya asubuhi, watoto huimba wimbo wa Uganda aliotutungia George Kakoma, kisha huimba Jumuiya Yetu, wimbo wa Afrika Mashariki ulioanza kutumika mwaka 2010, kwa Kiswahili ambacho wengi wao hawakunyonya kwa mama zao. Kwenye harusi za Buganda utasikia pia Ekitiibwa kya Buganda, na watu husimama kwa wimbo huo kama wanavyosimama kwa ule wa taifa. Mtoto aliyeimba asubuhi mara mbili haoni kuwa amejigawa. Ireland iliyoungana ingeweza kuwa na wimbo mmoja mpya wa dola, na kila jamii ikabaki na ule wa kwake nyumbani, kanisani na uwanjani. Ningependa wimbo huo mpya utungwe sasa, na watunzi wawe wa pande zote, na maneno yasitaje vita hata vile vilivyoleta ushindi.

Ndugu Mhariri, nasoma sheria. Ni nani mwenye mamlaka ya kubadilisha alama hizi, na ni lini?
Mwanafunzi, Mbarara

Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 unasema kwamba Ireland Kaskazini itaungana na Jamhuri ikiwa tu walio wengi huko Kaskazini watakubali kwa kura, na Kusini nako wakubali. Waziri wa Uingereza anayehusika anatakiwa kuitisha kura hiyo akiona kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wataunga mkono muungano. Mkataba huohuo unawapa watu wa Kaskazini haki ya kuwa Waingereza, Waayalandi au vyote viwili, na haki hiyo inabaki hata baada ya muungano. Hapa ndipo hoja ya alama inapopata nguvu ya kisheria na kuacha kuwa suala la hisia tu: nchi hiyo itakuwa na raia wengi ambao kwa haki kabisa ni Waingereza.

Sasa angalia tofauti hii. Bendera imeandikwa katika Ibara ya 7 ya Katiba ya 1937, ambayo inataja kijani, nyeupe na chungwa kwa majina yake. Kuibadilisha kunahitaji kura ya wananchi wote, na utafiti wa maoni umeonyesha kwamba watu wengi wa Kusini hawataki kuiacha. Wimbo haumo katika Katiba. Ulichukuliwa kwa uamuzi wa serikali mwaka 1926, na kwa hiyo serikali inaweza kukaribisha watunzi wa Belfast, Derry, Cork na Dublin kuanza kazi ya wimbo mpya bila kusubiri kura ya muungano wala kura ya Katiba.