Sifa ya subira, hamu ya kuuliza

Swali lenu la wiki hii, kwamba je, msomaji anazifahamu nguvu za tabia yake, yaani sifa njema alizo nazo, na anazitumiaje ili aishi vyema, lau lingenijia miaka mitatu iliyopita ningelijibu kwa neno moja: subira. Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto saba, mtaa wa Langoni, hapa Lamu, na tangu utotoni nimesifiwa kwa kuvumilia. Ugomvi wa wadogo zangu niliusuluhisha mimi, na katika duka la vifaa vya ujenzi ninakoandika hesabu, mteja mkorofi huletwa kwangu kwa kuwa “huyu ana moyo”. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila jioni nilirudi nyumbani nimechoka kama mtu aliyeshinda akipakua boriti jahazini.

Mpwa wangu anayesoma chuo Mombasa ndiye aliyeniletea hojaji ya nguvu za tabia. Asili yake ni kazi ya wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, ambao mwaka 2004 walichapisha orodha ya nguvu 24 walizozipanga chini ya fadhila sita: hekima, ujasiri, utu, haki, kiasi, na ile inayomvusha mtu nafsi yake, ambamo wameweka shukrani, matumaini na imani. Majibu yangu yalipotoka, udadisi ulikuwa juu kabisa, ukifuatwa na kuthamini uzuri. Ustahimilivu, ambao ndio jirani wa karibu wa subira yangu, ulikuwa wa kumi na tatu, nami nakiri kwamba niliona nimetukanwa.

Kilichonituliza ni maelezo ya Seligman kuhusu dalili za nguvu iliyo ya mtu hasa: unapoitumia unahisi kwamba huyu ndiye wewe, unaitafutia nafasi bila kusukumwa, na ukimaliza unakuwa umechangamka badala ya kuchoka. Hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Subira ni wajibu niliofunzwa, unawafaa wenzangu, na sina nia ya kuuacha; lakini kile unachosifiwa nacho si lazima kiwe ndicho kinachokupa uhai.

Kujua tu, hata hivyo, hakutoshi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Seligman, Peterson na wenzao waliwataka watu wa kundi moja wazitambue nguvu zao tano za juu na wazitumie mara nyingi zaidi, na wa kundi jingine watumie moja ya nguvu hizo kwa njia mpya kila siku kwa muda wa wiki moja. Wa kundi la kwanza walipata nafuu iliyopita upesi. Wa kundi la pili walikuwa bado wana furaha zaidi na huzuni kidogo hata baada ya miezi sita, hasa wale walioendelea na zoezi kwa hiari yao. Walioshiriki walijitolea kupitia intaneti, hawakuwa wavuvi wa Kizingitini, kwa hiyo sikuyachukua matokeo hayo kama hukumu ya kadhi. Nilijaribu tu.

Kati ya nyumbani na dukani napita vichochoro vile vile kila asubuhi. Siku ya kwanza niliamua kuitazama milango. Nilisimama mbele ya mmoja, nikachora nakshi za mfaa wake, ule mti wa katikati ya mlango, nyuma ya daftari la madeni, na nikachelewa kazini kwa robo saa. Siku ya tatu nilikwenda kwa fundi mmoja mzee, nikamkuta ameinamia mfaa wa mbambakofi uliolazwa juu ya magogo mawili, anachonga kwa patasi nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, kisha anapuliza vumbi na kupapasa kwa kidole gumba. Nilimuuliza kwa nini ameanzia katikati. “Mwanangu,” alisema bila kuinua kichwa, “nikianzia mwisho, kosa la unywele likifika katikati huwa kosa la kidole.” Nilirudi dukani nikiwa mwepesi, na mteja wa kwanza aliyetaka misumari nilimuuliza anajenga nini. Sasa huwauliza karibu wote. Kazi ni ile ile, mshahara ni ule ule, na wakorofi hawajapungua. Ila naona mkorofi akiulizwa habari za nyumba anayoijenga husahau nusu ya ukorofi wake, na mimi sihitaji tena kumvumilia kwa kuuma meno.

Wataalamu wa mambo haya husema pia kwamba nguvu ikizidi kiasi hugeuka kero, na hilo nimelishuhudia kwangu mwenyewe. Jioni moja barazani nilimuuliza jirani, kwa nia safi kabisa, kwa nini mahari ya binti yake yalirudishwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na kahawa yangu ikapoa mkononi. Mke wangu aliyasikia yote kutoka dirishani, na nilipoingia ndani nikaanza kumweleza habari za udadisi na nguvu za tabia, alinikatiza: “Hiyo si elimu, baba, huo ni udaku.” Asubuhi yake nilikwenda kumtaka radhi jirani. Alinisamehe, ingawa mpaka leo nikikaa barazani yeye huanza kuzungumzia milango kabla sijafungua mdomo.