Bwana Shamba Anajibu: Miche ya Bure na Wageni Wenye Daftari

Mvua zimeshika, mashimo yanachimbwa, na barua zenu karibu zote zinazunguka jambo lile lile: mgeni amefika kijijini na miche au na daftari, tumpokee vipi? Nimechukua sita. Mbili za kwanza nitakaa nazo, nyingine nitazipitia mbio mbio.

Miaka miwili iliyopita tuligawiwa miche ya bure. Mimi nilichukua 300, leo imebaki 11. Tunasikia wanakuja tena. Nichukue? (Mzee wa Busia)

Mzee wangu, usione haya, wenye 11 si wengi. Nilipokuwa kazini niliwahi kupakua lori zima la miche Ijumaa jioni, wiki mbili baada ya mvua kukatika, kwa sababu hesabu za mradi zilikuwa zinafungwa mwisho wa mwezi. Tukapiga picha na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwezi uliofuata nilipita njia ile ile kwa boda nikajifanya natazama upande wa pili.

Miche ya bure ina gharama, ila anayeilipa ni wewe: kuchimba mashimo 300, kupalilia misimu miwili, kupambana na mbuzi wa jirani wakati wa kiangazi. Kabla ya kupanga foleni, jiulize una mikono mingapi nyumbani. Kama ni ya miche 40, chukua 40. Mgawaji atakununia kidogo, kwa sababu yeye anahesabu miche iliyotoka kwenye lori.

Halafu rudi kwenye ile 11. Ni miti gani? Imesimama wapi? Kama ni migrivelea iliyo mpakani na iliyokufa ni ya katikati ya shamba, umeshafanya utafiti ambao mradi haukufanya. Mgrivelea unakaa vizuri mpakani kwa nafasi ya mita 3 hivi, na ukiupogoa unakupa kuni na fito za maharage huku shina likipanda kuwa mbao. Wakifika, wapeleke waione kwanza. Kisha waombe mbegu na vifuko, mtengeneze kitalu pale kijijini karibu na maji. Mche uliosafiri siku nzima juu ya lori unafika na mizizi iliyochoka, lakini wa kitalu chenu unaupanda asubuhi mvua ikiwa imenyesha usiku. Na orodha ya aina za miti iandikwe na wanakijiji kabla lori halijaondoka mjini.

Salaam aleikum. Watafiti wameomba robo ekari yangu wajaribu maharage. Wanataka sehemu moja nipande mbegu yangu ya zamani, bila mbolea yao. Naona wananitafutia hasara. Mimi nafaidi nini? (Mkulima, Bombo)

Wa aleikum salaam, kaka. Hiyo sehemu ya zamani usiiondoe, ndiyo jiwe la mizani. Mbegu mpya ikizaa magunia mawili, utajuaje kama ni mbegu au ni mvua ya mwaka huu? Utajua kwa kutazama ya zamani iliyo kando yake, udongo ule ule, palizi ile ile. Ndiyo maana pia wanarudia jaribio kwa wakulima kadhaa: shamba moja linaweza kuwa na kichuguu kilichooza chini yake likadanganya watu wote.

Kuhusu faida, uliza mambo matatu mbele ya mashahidi. Mavuno ni ya nani? Jaribio likifeli, nani ananirudishia nilichokosa? Matokeo nitaletewa lini? Mtafiti anayejibu "tutaona" mpe chai, usimpe ardhi. Namulonge, wanakotafiti maharage na mihogo, si mbali na kwenu, kwa hiyo sababu ya kutorudi na majibu hawana.

Lakini usidhani wewe ni mwenye ardhi tu. Kumbuka mnyauko wa migomba uliobainika hapa Uganda mwaka 2001. Ushauri wa kwanza ulikuwa kung'oa shina lote pamoja na machipukizi yake. Kwenye karatasi ulikuwa sahihi. Shambani ulikuwa ni kumwambia mama ang'oe chakula cha watoto kwa jembe, na wengi walikataa. Baadaye watafiti wakajaribu njia nyepesi, kukata ule mgomba unaoonyesha dalili peke yake, tena na tena, pamoja na kusafisha panga kwa moto au jiki na kuvunja ua la dume kwa kijiti cha panda. Ikafanya kazi. Wakulima waliokataa walikuwa wakisema jambo ambalo daftari lilikuwa halina mahali pa kuliandika.

Matoke ni hivyo hivyo. Kiwangaazi, ndizi chotara iliyoidhinishwa mwaka 2010, inastahimili ugonjwa wa majani, lakini Muganda hali ugonjwa wa majani. Anataka matoke laini, ya njano, yenye harufu yake. Hayo hupimwa mdomoni. Kwa hiyo siku ya kutathmini maharage yako, mke wako akae mbele. Yeye ndiye anajua yapi yanamaliza kuni kabla hayajaiva.

Mume wangu anasema miti ni kazi ya wanaume. Nina ng'ombe mmoja wa maziwa zizini na shamba la mteremko. (Mama wa Kapchorwa)

Dada, usibishane naye kuhusu miti. Mwambie unapanda majani ya ng'ombe. Kaliandra ni kichaka, ukipanda mstari wa kukingama mteremko unashika udongo, na huko milima ya Elgon mnajua udongo ukikataa kushikwa unafanya nini. Kilo 3 za majani mabichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Vichaka 500 hivi vinamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima, navyo vinaenea mipakani na kwenye kingo za matuta bila kula nafasi ya kahawa. Loweka mbegu kwenye maji baridi siku mbili kabla ya kusia. Matawi yakikauka ni kuni. Maziwa yakiongezeka, mume atakuja mwenyewe kuuliza ulipata wapi mbegu.

Sisi ni wakimbizi kutoka Congo, tuko Kyangwali. Kipande cha ardhi tumepewa kulima tu. Nipande mti ambao ataukata mwingine? (Baba wa watoto watano)

Ndugu, swali lako lina uchungu, na hata Waganda wengi wenye kibanja kwenye ardhi ya mtu wanaliuliza. Panda kinachokulipa haraka: papai, kaliandra, mlonge. Miti ya mbao usipande hadi umezungumza na ofisi ya kambi na mmeandika mti ni wa nani siku ya kuhama. Anayekuletea mche wa kungoja miaka 20 bila kukuuliza habari ya ardhi hajakuona.

Jirani amepanda mikaratusi kwenye bonde letu la maji. (Kijana, Mbarara)

Mkaratusi haufai bondeni, unakunywa. Mpelekeni kwa mwenyekiti, kisha kwa afisa wa mazingira wa wilaya. Kilimani, kwenye ardhi iliyochoka, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 utapata miti kama 450 kwa ekari, nayo ni fedha. Ugomvi ni wa mahali tu.

Mimi ni mstaafu wa jeshi, umri umekwenda. Nikipanda shea leo nitakula mafuta yake? (Gulu)

Afande, ukiotesha kwa mbegu unaweza kungoja miaka 15 au zaidi, sikufichi. Lakini wazee wenu hawakuwa wakipanda, walikuwa wakiacha. Shea inajiotea yenyewe kwenye mashamba yaliyopumzishwa, na miti mnayokamua leo ni ile ambayo mtu fulani alilima akaizunguka. Tembea shambani kabla ya kulima, tafuta miche michanga, chomeka kijiti kando ya kila mmoja na ufunge kitambaa chekundu. Cheusi hakifai, mshika plau hakioni hadi ng'ombe wameshapita.